Mvinyo wa boksi na joto la Tabora

Kijitabu kilichokuja ndani ya boksi la kutengenezea mvinyo nyumbani kinasema ndoo ya kuchachushia iwekwe mahali penye joto, karibu na hita ikiwezekana. Aliyekiandika anaishi kwenye baridi. Mimi naishi Ipuli, hapa Tabora mjini, na mara ya kwanza kukisoma ilikuwa Oktoba, saa saba mchana, bati likialika kwa jua. La hita niliona halinihusu, nikaiweka ndoo stoo nikiamini kivuli kinatosha. Siku ya pili kipimajoto nilichokibandika ubavuni mwa ndoo kilisoma nyuzi 32. Hamira ilifanya kazi kwa fujo siku tatu, ikanyamaza, na harufu iliyobaki ilikuwa ya rangi ya kucha. Mvinyo huo niliuacha mwaka mzima nikitumaini utatulia. Ulipungua ukali kidogo tu.

Tangu hapo nimetengeneza mara nane, tatu kwa boksi la zabibu na tano kwa asali yetu nikitumia vifaa vilevile, na sijamwaga tena hata chupa moja. Ninaandika kwa ajili ya mtu wa Tabora, Urambo, Nzega au popote penye jua kama letu, ambaye ameletewa boksi au anafikiria kuliagiza. Utaratibu wa kijitabu ni mzuri na ufuatwe. Kilichokosekana humo ni sisi na joto letu.

Boksi la kwanza aliniletea mdogo wangu kutoka Uingereza. Lilishuka na ndege Dar es Salaam, likaja na treni hadi hapa. Lilikuwa zito, karibu kilo 10, kwa sababu ndani kuna mfuko wa juisi ya zabibu iliyopunguzwa maji, lita 8 hivi, nzito kama shira. Hiyo unaiongezea maji hadi lita 23, nazo zinatoa chupa 30 za kawaida. Yapo maboksi mepesi ya lita 4 au 5 ambayo yanataka uongeze na sukari. Angalia maelekezo kabla hujakata mfuko.

Pamoja na juisi kuna vipakiti. Hamira ya mvinyo, gramu 5 hivi, si ndugu wa karibu wa hamira ya maandazi kwa tabia: hii inavumilia kilevi kingi, ikimaliza kazi inalala chini ikashikamana, wala haiachi ladha ya mkate. Bentonaiti ni udongo laini unaokamata uchafu unaoelea na kuushusha. Salfaiti ni unga mweupe wenye harufu kama ya kiberiti kilichowashwa. Inazuia vijidudu na inaukinga mvinyo usiharibiwe na hewa. Sobeti inazuia hamira iliyobaki isizaliane. Halafu kuna vipakiti viwili vya majimaji ya kung'arisha, na kimoja mara nyingi ni kitosani, inayotokana na magamba ya kamba na jamii yake. Kama una mgeni mwenye mzio wa kamba, mwambie kabla hajanywa.

Kalamu ya wino mzito ichukue kazi hapo hapo: andika namba juu ya kila kipakiti kufuatana na kijitabu. Vinafanana sana, na sobeti ikiingia siku ya kwanza badala ya bentonaiti, hamira haitazaliana na juisi yako itabaki juisi. Hamira yenyewe itoe kwenye boksi, angalia tarehe yake, iweke kwenye friji mpaka siku ya kazi. Juisi inaweza kuvumilia wiki mbili za ghala la joto. Hamira ni kiumbe hai.

Vifaa si vingi. Ndoo ya lita 30 yenye mfuniko, ya plastiki ya chakula. Ndoo iliyowahi kubeba rangi au sabuni haifai hata ukiisugua mwezi. Ndoo ya pili ya lita 25, ambayo ikijaa lita 23 inabakiza nafasi ndogo tu ya hewa juu. Mpira laini wa mita 2 wa kuhamishia. Kijiko kirefu cha plastiki, na hapa naomba nisikilizwe: mwiko wa ugali hauingii humu, mbao zake zimeshika mafuta na vijidudu vya miaka. Kizibo cha maji, yaani kile kidude cha plastiki kinachokaa juu ya mfuniko kikiwa na maji kidogo ndani ili hewa itoke na isiingie. Kama hukipati, toboa mfuniko, pitisha kimpira chembamba kinachobana vizuri, na ncha ya pili izamishe kwenye chupa ya maji. Na haidromita, ile ya kioo inayoelea ambayo tuliiona maabara shuleni: inapima uzito wa juisi, na kadiri sukari inavyoliwa ndivyo namba inavyoshuka. Wengi huiacha kwa kuwa inaonekana kama anasa. Bila haidromita unabahatisha, na mvinyo uliowekwa kwenye chupa kabla haujaisha kuchachuka unapasua chupa.

Usafi una hatua mbili ambazo watu wengi huzifanya kuwa moja. Kwanza unaosha kwa sabuni isiyo na manukato mpaka uchafu unaoonekana uishe. Halafu unaua usioonekana. Mimi natumia gramu 50 za salfaiti katika lita 4 za maji baridi: nasuuza ndani ya ndoo, mfuniko, mpira, kijiko, na kila kitakachogusa mvinyo, naacha dakika chache, namwaga. Kazi hiyo naifanyia uani, upepo ukitoka nyuma yangu, kwa sababu mvuke wake unabana kifua na ndani ya nyumba yangu kuna mtoto mwenye pumu. Asiye na salfaiti ya ziada atumie jiki, vijiko viwili vya chakula kwenye lita 10 za maji, dakika 20, kisha asuuze kwa maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka harufu ipotee kabisa. Jiki isichanganywe na siki, ndimu wala salfaiti. Inatoa gesi yenye sumu.

Maji ya kuongezea ni ya bomba. Tangu yale ya Ziwa Victoria yafike mjini sina lawama nayo, ila yana dawa, na dawa hiyo inaharibu ladha. Nayachemsha jioni kwenye sufuria mbili kubwa, nafunika, yanalala mpaka asubuhi. Kisima chenye chumvi hapana.

Siku ya kazi inachukua saa moja. Koroga bentonaiti kwenye nusu lita ya maji ya moto ndani ya ndoo kubwa mpaka mabonge yaishe, dakika kama tano za mkono. Mimina juisi, suuza mfuko wake kwa maji kidogo ili kisibaki kitu, ongeza maji yaliyopoa mpaka alama ya lita 23. Koroga kwa nguvu hadi povu lipande. Siku hii moja hewa ni rafiki, hamira inaihitaji kuanzia maisha. Tumbukiza haidromita. Ya zabibu kwa kawaida inaanzia kati ya 1080 na 1090, nawe andika namba hiyo ukutani au kwenye daftari. Pima na joto la juisi. Likiwa kati ya nyuzi 20 na 25, nyunyiza hamira juu, usikoroge, funika, weka kizibo cha maji. Kesho yake utaanza kusikia kizibo kinapiga bulu, bulu.

Sasa ndilo jambo lenyewe. Hamira inataka nyuzi 18 hadi 25, na ikiwa kazini inatoa joto lake yenyewe, hivyo ndani ya ndoo kunakuwa na nyuzi kadhaa zaidi ya chumbani. Ukipita 30 inaanza kutoa vilevi vikali na harufu ambazo hazitoki tena, na ukizidi sana inakufa sukari ikiwa bado. Nilihangaika na swali hili mpaka siku moja nikiwa nachota maji ya kunywa kwenye mtungi wa mama. Nje nyuzi 33, maji ndani ya mtungi yanaburudisha meno. Mtungi unatoka jasho, jasho linakauka, na katika kukauka linaondoka na joto. Ndoo ya plastiki haitoki jasho, basi mimi nitaivalisha nguo itakayotoka jasho kwa niaba yake.

Ndivyo ninavyofanya hadi leo. Beseni kubwa la kuogea linakaa sakafuni stoo, upande wa ukuta usiopigwa na jua la jioni. Ndoo inakaa ndani ya beseni, maji yanafika kiasi cha theluthi ya kimo chake. Naizungushia kitenge kikuukuu cha pamba kuanzia chini ya mfuniko, ncha zikizama kwenye maji, ili kitambaa kijinyweshe chenyewe kuelekea juu. Dirisha wazi, upepo upite. Asubuhi na saa nane mchana namwagia kitenge kikombe cha maji. Kwa njia hiyo, Juni mchana wa nyuzi 28, ndoo inasoma 22. Agosti mwishoni nilipata 25. Siku ikiwa kali zaidi naongeza chupa mbili za maji zilizogandishwa ndani ya beseni, na nyingine mbili zinabaki kwenye friza zikisubiri zamu, umeme ukiwepo. Barafu haiingii ndani ya mvinyo, inakaa nje kwenye maji.

Njia hii ina msimu wake. Kitenge kinafanya kazi hewa ikiwa kavu, kuanzia Mei hadi Oktoba. Mvua zikianza Novemba hewa inajaa unyevu, kitambaa kinabaki kimelowa tu bila kupooza chochote. Tena Novemba na Desemba ndio wakati wa maembe, na Tabora ya maembe ni Tabora ya nzi wadogo wa matunda. Nzi mmoja akiingia kwenye ndoo amebeba vijidudu vya siki miguuni, na mvinyo wako unageuka siki. Kwa hiyo mimi naanza wiki ya kwanza au ya pili ya Juni, nisije nikajikuta nahamisha mvinyo wakati wa maembe. Tatizo la Juni ni usiku: baridi ikishuka sana hamira inasinzia. Ikifika magharibi siongezi maji kwenye kitenge, na usiku wa baridi kali nakivua, naweka blanketi. Ukisahau siku moja haiharibiki, inachelewa tu.

Maji ya kwenye kizibo nayo yanakauka haraka huku kwetu. Yaangalie kila siku mbili. Na stoo isiyo na dirisha usiinamishe kichwa ndani ya ndoo inayochachuka. Inatoa hewa ya ukaa, nayo inakata pumzi.

Siku ya saba pima tena. Ikisoma 1010 au chini ya hapo, hamisha kwenye ndoo ya pili kwa mpira: ndoo iliyojaa juu ya meza, tupu sakafuni, mpira uujaze maji yaliyochemshwa badala ya kuvuta kwa mdomo kama wanaonyonya petroli, kwa sababu mdomo una vijidudu vyake. Ncha ya mpira iguse chini ya ndoo mpya ili mvinyo usiruke. Kuanzia sasa hewa ni adui. Mashapo mazito ya chini yaache yalipo. Funika, rudisha kizibo, rudisha beseni na kitenge, subiri siku 10 hadi 14.

Umeisha lini? Si kizibo kitakachokuambia, maana kinaweza kunyamaza kwa baridi tu. Haidromita isome chini ya 996, na siku mbili baadaye isome namba ileile. Haidromita nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20, kwa hiyo mvinyo ukiwa na nyuzi 28 ongeza 2 kwenye unachokisoma. Mvinyo wangu wa mwisho wa zabibu ulianza 1085 ukaishia 994. Toa, unapata 91. Zidisha kwa 0.131, unapata karibu asilimia 12 ya kilevi.

Hapo ndipo vipakiti vilivyobaki vinapoingia. Yeyusha salfaiti na sobeti kwenye nusu kikombe cha maji, mimina, kisha koroga. Kukoroga huku si kwa kuchanganya tu. Mvinyo mchanga umejaa gesi, na ukiiacha, utakuchoma ulimi kama soda, halafu uchafu hautashuka kwa sababu vipovu vinaunyanyua. Koroga dakika 5 kwa nguvu lakini bila kurusha juu, pumzika, rudia, mara nne au tano siku hiyo na tena kesho yake. Jaza chupa ndogo nusu, ziba kwa kidole gumba, tikisa, achia: ukisikia pssh, bado. Mkono wangu unauma kila mara, na kila mara nashukuru baadaye. Gesi ikiisha, weka ving'arishaji kwa mpangilio wa kijitabu, acha siku 10 hadi 14 bila kuisogeza ndoo. Taa ya simu ukiiweka upande mmoja wa glasi uione safi upande wa pili, uko tayari.

Chupa ni jambo fupi. Nakusanya zenye vifuniko vya kuzungusha baada ya harusi, naziloweka, natoa lebo, nazisafisha kwa salfaiti. Za kizibo cha gome zinataka mashine ya kugongea, na mimi sina. Jaza mpaka shingoni, ibaki nafasi ya vidole viwili. Zikae gizani sakafuni. Baada ya mwezi unanywewa. Miezi mitatu ni bora zaidi. Mwekundu miezi sita.

Siuzi. Kuuza kilevi kunataka leseni, na nimewakatalia waliotaka kuununua. Waliotaka kujua kama wanaweza kuuchemsha na kukusanya mvuke wake niliwajibu hiyo ni gongo, inakatazwa na sheria, na sitamfundisha mtu.

Boksi likiisha vifaa vinabaki, na Tabora hakuna haja ya kusubiri mtu atoke Uingereza. Bibi yangu mzaa mama alikuwa anapika wanzuki, pombe ya asali ya Wanyamwezi, inayonywewa ikiwa bado inachachuka. Mvinyo wa asali ni asali ileile iliyopewa muda. Kwa lita 20 nachukua kilo 6 za asali iliyochujwa, naiyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, siichemshi kwa sababu harufu ya maua ya miombo inaondoka na mvuke, naongeza maji yaliyopoa hadi alama ya lita 20. Haidromita inasoma 1085 hadi 1090. Ukinunua kwa dumu, kumbuka dumu la lita 20 la asali lina kilo 28 hivi, basi pima kwa mizani. Asali ina sukari tele lakini chakula kingine cha hamira ni haba, hivyo nachemsha kijiko kimoja cha hamira ya maandazi kwenye kikombe cha maji kwa dakika 10, inakufa, namimina humo. Hamira hai inaila iliyokufa. Kisha hamira ya mvinyo, beseni, kitenge, kila kitu kama nilivyosema. Inakwenda taratibu kuliko zabibu, wiki nne hadi sita, na haipendezi kabla ya miezi sita.

Mwaka juzi nilimpelekea mama chupa ya kwanza ya asali. Alinusa, akaonja, akakaa nayo mdomoni. Akasema ni nzuri, ila haina moshi, na asali ya nyumbani kwao ilikuwa na moshi. Nilikuwa nimetumia asali ya mizinga ya kisasa, safi kabisa, ya Sikonge. Tangu siku hiyo naweka kilo 5 za mizinga ya kisasa na kilo 1 ya mzinga wa gome.